Mama Kitovu Anavua Glavu

Siku ya mwisho ya mwezi huu, daktari bingwa wa upasuaji wa hospitali yetu atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Barua rasmi zinamtaja kwa jina refu lenye vyeo mbele na nyuma, lakini ukimuulizia kwa jina hilo pale mapokezi, watakuangalia kama mtu aliyepotea njia. Uliza Mama Kitovu. Hapo hata mlinzi wa lango ataacha kazi yake akusindikize mpaka mlangoni.

Mimi ni muuguzi kiongozi wa chumba cha upasuaji. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimesimama upande wa pili wa meza yake, nikimpa mkasi na kuupokea mkasi. Kamati ya jarida iliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa, walisema, ninamjua kuliko wote. Kweli namjua, ingawa zaidi namjua kuanzia pua kwenda juu. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipishana naye sokoni akiwa hana barakoa, nikampita kama simjui. Kesho yake akaniuliza mbele ya watu kama tumegombana.

Alikuja hapa akiwa binti wa kimo kifupi na sauti ndogo, akakuta meza ya upasuaji iliyopandishwa kwa ajili ya wanaume warefu. Aliomba kibao cha kusimamia. Watu wakacheka. Seremala wa hospitali hakucheka, akamtengenezea kibao imara chenye miguu minne, na daktari akakipanda bila kumwangalia mtu usoni. Baada ya miezi michache alipewa kuongoza upasuaji, na jambo la kwanza alilofanya ni kuishusha meza. Kuanzia siku hiyo warefu ndio waliokuwa wakitoka na migongo inayouma, na hakuna aliyecheka tena.

Chumba cha pili cha upasuaji tulicho nacho leo ni jasho lake. Alikidai kwenye kila kikao, hata vikao vilivyoitishwa kuzungumzia maegesho ya magari. Madaktari aliowafundisha wametawanyika kila mahali, na wengine sasa wana wanafunzi wao. Ndiye aliyeleta utaratibu kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, na aseme kama ana wasiwasi wowote. Mtaalamu wetu wa usingizi, mzee mwenye utani ambaye sote tunamwita Babu Lala, alichoka kujitambulisha, akasema, "Mimi ni yuleyule wa jana." Daktari akaweka kisu chini. Hakukishika tena mpaka babu wa watu alipojitambulisha kama mtoto wa shule.

Ana mambo yake. Akishona huimba kwa pua wimbo mmoja ambao hakuna aliyewahi kuutambua, wala yeye hakubali kuutaja. Chai yake huiacha mpaka ipoe, kisha anailaumu. Na hataki kabisa kumsikia mtu akimwambia mgonjwa kwamba maumivu yake ni "kidogo tu". Daktari mmoja wa mafunzo alithubutu kusema hivyo wodini, akavutwa pembeni. "Mwanangu," akamwambia, "hakuna maumivu madogo. Kuna maumivu ya mwenzako."

Hilo jina la Mama Kitovu alilipata kwa kinyozi.

Mkabala na lango letu kuna kibanda cha kinyozi ambaye ndiye mwenye dhamana ya vichwa vya hospitali nzima. Ni mwembamba, mcheshi, na maneno yake ni mengi kuliko nywele anazokata. Yeye ndiye aliyenifafanulia kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na ndiyo maana wenye vipara wakikaa kitini kwake anawapa pole kwanza. Lakini tangu utoto alikuwa na tumbo. Lilikuja bila kupiga hodi, likamkunja kama karatasi, kisha likaondoka. Shuleni walimu waliona linamshika kipindi cha hesabu tu. Mama yake aliamini ni minyoo, akamnywesha kila dawa ya minyoo iliyowahi kuuzwa. Alipooa, mama akabadilisha msimamo. Sasa haikuwa minyoo tena. Yalikuwa mapishi ya mkewe.

Mke ni fundi cherehani, na kibanda chake kimepakana na cha mumewe. Wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo limeanza kuonekana. Mama mkwe alikaa nao nyumba moja, na vita vyao vilijulikana mpaka kwetu, maana kila upande ulikuwa na washabiki wake wodini.

"Maharage yake anayaivisha nusu," mama alikuwa akituambia. "Nusu nyingine anamwachia mwanangu aiivishe tumboni."

Naye mke, sindano mdomoni, alijibu bila kuinua kichwa: "Na uji wake wa asubuhi una madonge ya kupigia manati. Muulizeni mgonjwa mwenyewe."

Mgonjwa mwenyewe, kwa busara, alikuwa akila vyote viwili na kusifu vyote viwili.

Asubuhi moja mhasibu wetu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umekwisha, mashine ilikuwa inaelekea utosini, mara ikasimama. Mhasibu alidhani umeme umekatika. Alipogeuka akamkuta kinyozi yuko sakafuni, amekumbatia tumbo, anatapika. Mhasibu si mtu wa mbio, lakini siku hiyo alimbeba yule bwana mgongoni akavuka naye barabara, shuka la kunyolea likipepea shingoni mwake. Walipoingia chumba cha dharura, wauguzi wawili walimkimbilia mhasibu. Walipoona kichwa kimenyolewa upande mmoja walidhani ametoroka wakati akiandaliwa kupasuliwa ubongo.

Daktari wetu aliitwa. Akalipapasa lile tumbo taratibu, limevimba na kukaza. Picha ya eksirei ilionyesha utumbo mwembamba umejaa hewa, mkunjo juu ya mkunjo, kama maputo yaliyosukumwa ndani ya mfuko mdogo. Utumbo ulikuwa umeziba. Hilo halikuwa na ubishi. Kilichokosa jibu ni kilichouziba.

"Umewahi kupasuliwa tumbo?" akamuuliza.

"Dokta," kinyozi akajibu kwa shida, "kila wembe maishani mwangu nimeushika mimi."

Kwa wasomaji wetu wa idara nyingine, nieleze kidogo. Utumbo wa mtu mzima ukiziba, mara nyingi chanzo ni kovu la upasuaji wa zamani, ambalo huota nyuzi ndani na kuubana, au ni ngiri. Kinyozi hakuwa na kovu hata moja, na ngiri hakuwa nayo. Uvimbe nao si jambo la kutarajia sana kwa kijana wa umri ule. Mashine kubwa ya kupiga picha za ndani hatukuwa nayo wakati huo, na iliyokuwa karibu ilikuwa safari ndefu kwa mtu mwenye hali ile. Daktari wa magonjwa ya ndani, mwenzetu tunayemheshimu, alishauri tumpe dripu, tumwekee mrija puani wa kutoa uchafu tumboni, kisha tusubiri, kwa kuwa matumbo mengi hufunguka yenyewe. Ulikuwa ushauri mzuri. Daktari wetu akaukubali.

Ila hakuondoka. Aliwaona wagonjwa wake wengine akarudi, akaenda kikaoni akarudi kabla hakijafika katikati. Kila akirudi alimkuta kinyozi anaongea, mrija puani na yote. Alikuwa akimsihi mhudumu amwambie mhasibu asiende kwa kinyozi mwingine, kwamba kazi aliyoianza ataimaliza mwenyewe. Maumivu yakija alinyamaza, yakipungua aliendelea na sentensi palepale alipoiachia.

Alasiri daktari aliingia akasimama mlangoni.

"Mbona amenyamaza?" akauliza.

Muuguzi wa wodi akasema labda dawa imemtuliza. Daktari alishika mkono wa mgonjwa, mapigo yanakimbia. Akaweka kiganja tumboni. Maumivu hayakuwa tena ya kuja na kuondoka. Yalikuwa yamekuja na kukaa. Daktari wa magonjwa ya ndani aliitwa, naye akapapasa, akavua miwani yake.

"Mimi nimebadili mawazo," akasema. "Huyu ni wako. Mchukue sasa hivi."

Kwenye korido, mke na mama walikuwa wamekaa benchi moja, kila mtu ncha yake. Daktari alichuchumaa mbele yao. Aliwaambia kwamba kuna kitu kimeunyonga utumbo, hajui ni nini, na njia pekee ya kujua ni kufungua. Utumbo ukinyongwa hukosa damu, na ukikosa damu muda mrefu hufa, na ukifa ndani ya mtu humwondoa na mwenyewe. Huenda akalazimika kukata sehemu. Huenda akakuta kibaya zaidi.

"Ni kitu alichokula?" mama akauliza, jicho likiteleza kuelekea ncha ya pili ya benchi.

"Mama, sijui bado. Nikijua nitakwambia, hata kama hutalipenda jibu."

Mke aliweka mkono tumboni mwake, akatikisa kichwa kukubali. Kisha mama, labda bila kufikiri, akasogea kutoka ncha yake mpaka katikati ya benchi.

Tulipomwandaa kinyozi, mhudumu alileta wembe wa kumnyoa tumbo. Nilidhani amekwisha kabisa, hana nguvu hata ya kufumbua macho. Wembe ulipomgusa, akafumbua jicho moja.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti iliyokauka, "fuata nywele zinakolalia. Usizivute kinyume." Kisha akafumba tena.

Tulikuwa tunanawa mikono, mimi na daktari, maji yanatiririka viwikoni. Watu wengi humjua kama mtu asiyetetereka. Mimi naandika nilichosikia.

"Naogopa," akaniambia.

"Unaogopa nini, daktari? Umefungua matumbo mangapi?"

"Nikikuta umekufa wote, nitamwambia nini yule binti na mimba yake? Na nikifungua nisikute kitu, nimemkata mtu bure." Akafunga bomba kwa kiwiko. "Haya. Twende tukaogopee ndani, kazi ikiendelea."

Kila mtu akataja jina lake na kazi yake. Babu Lala alijitaja vizuri, bila utani.

Daktari alipasua chini ya kitovu kwanza, akaingiza kidole, akakipeleka juu polepole. Kidole kikasimama. Nyuma ya kitovu, kwa ndani, palikuwa na kitu kimejishikiza. Aliongeza mkato kwa uangalifu, tukakiona: uzi mmoja, unene wa kamba ya kiatu, umetoka nyuma ya kitovu ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye shina la utumbo mwembamba, umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Na mkunjo mrefu wa utumbo ulikuwa umepita chini ya kamba hiyo, ukajisokota, ukakwama. Rangi yake ilikuwa ya bilinganya.

Daktari wa mafunzo alikuwa tayari ameshika mkasi. Nani asingekuwa tayari? Adui alikuwa mbele yetu, mwembamba, wa kukatwa mara moja.

"Ngoja," daktari akasema. Aliushika ule uzi kwa ncha za vidole viwili, akafumba macho. "Una mapigo. Huu ni mshipa. Bado una damu."

Akanyoosha kiganja. Nikampa uzi wa kufungia. Akafunga fundo upande wa kitovu, akafunga jingine upande wa utumbo, akavuta kuona kama yameshika, ndipo akakata katikati. Halikutoka tone. Utumbo ukafunguka wenyewe, ukateleza kutoka pale ulipokuwa umenyongwa kama mtoto anayeponyoka mikononi mwa mtu anayemuogesha.

Lakini rangi ilibaki ileile.

Tuliufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya uvuguvugu. Babu Lala akaongeza oksijeni. Kukata utumbo ule au kuuacha, hilo ndilo lililobaki, na sehemu iliyokuwa nyeusi ilikuwa ndefu, ndefu ya kumwacha kijana yule na shida ya kula mpaka uzeeni, kama angefika huko. Nilisikia mashine ya mapigo, na baadaye nikasikia kitu kingine. Daktari alikuwa akiimba kwa pua.

Alifunua. Kando kando palikuwa pameanza kuwa pekundu, katikati bado. Daktari wa mafunzo alimwangalia, akisubiri neno. Akafunika tena, akabadilisha vitambaa vilivyopoa, akaendelea na wimbo wake. Alipofunua mara ya pili, sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa wa waridi. Na tukiwa tunautazama, wimbi dogo likaanzia juu, likatembea taratibu kushuka, jinsi utumbo wenye afya unavyotembea.

"Umerudi kazini," daktari akasema. "Tumfunge."

Babu Lala alishusha pumzi kwa kelele, akadai ni mashine.

Kinyozi alipozinduka vizuri, familia yote ilitaka jibu, na mama alikuwa ameshika kiti cha mbele kabisa, karibu na mto. Daktari akavuta stuli.

"Mtoto anapoanza tumboni mwa mama yake," akaanza, "akiwa mdogo kama punje ya maharage..."

"Maharage!" mama akadakia.

"Mama, nisikilize. Akiwa mdogo hivyo, kondo la nyuma bado halijakomaa kufanya kazi. Ana kifuko kidogo pembeni kinachomsaidia. Kuna mishipa inayounganisha kifuko hicho na utumbo wake, inapitia kitovuni. Kondo likishika kazi, mishipa ile haihitajiki tena, inanywea na kupotea. Ni kama majukwaa ya miti wanayopandia waashi. Nyumba ikiisha, yanang'olewa. Kwa huyu nyumba iliisha vizuri, ila mti mmoja ukasahaulika ndani. Umekaa humo maisha yake yote. Utumbo ulikuwa ukiuparamia na kujinasua, ukiuparamia na kujinasua. Ndiyo yale maumivu ya kila mara. Safari hii ulishindwa kujinasua."

Kinyozi alikuwa akiangalia dari.

"Kwa hiyo sikuwa nakwepa hesabu," akasema polepole.

"Hukuwa unakwepa."

Macho yake yakajaa maji, akageuza uso ukutani. Mtu akiitwa mwongo tangu utotoni, mwishowe huanza kujishuku mwenyewe, na nadhani siku ile aliondolewa tumboni mambo mawili.

Mama ndiye aliyekuwa bado anapiga mahesabu. "Kwa hiyo si minyoo."

"Si minyoo."

"Na si maharage."

"Si maharage, mama. Wala si uji."

"Basi ni tumbo langu." Sauti yake ilishuka. "Nilimbeba mimi. Kosa lilifanyika kwangu."

Daktari alifungua mdomo kumjibu, lakini mke wa kinyozi akamtangulia. Alikuwa amesimama upande wa miguuni mwa kitanda.

"Mama," akasema, "kila gauni ninaloshona hubaki na uzi ndani. Nikimaliza nakagua, nakata, lakini mmoja haukosi. Gauni si linavaliwa? Umemshona mtu mzima, kichwa, macho, mikono ile yenye ufundi. Nani wa kukulaumu kwa uzi mmoja? Mimi nani amewahi kunilaumu?"

"Mimi," mama akasema. "Jumapili. Lile gauni la bluu."

Alianza kucheka mke. Mama akafuata, akajifuta macho kwa upindo wa nguo yake, na kinyozi akawasihi wote wawili wanyamaze kwa sababu kicheko kinamvuta mshono. Baadaye mke alimfuata daktari mlangoni akamuuliza kwa kunong'ona kuhusu mtoto aliyembeba. Daktari akamwambia kwamba hili si jambo la kurithishana, lilimtokea mumewe kwa bahati tu, na alale usingizi. Nilimwona yule binti akishusha mabega.

Sasa, kila aliyewahi kufanya kazi wodi ya upasuaji anajua tunachokisubiri baada ya utumbo kufunguliwa. Hatusubiri maua. Tunasubiri upepo. Mgonjwa akitoa upepo, tunajua njia imefunguka kutoka mwanzo hadi mwisho. Daktari alikuwa akipita asubuhi na jioni na swali lilelile, na kinyozi, mtu mwenye haya kuhusu jambo hilo, alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa. Wodi nzima ikaingia kwenye kusubiri. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wakimtia moyo. Mhasibu alikuja kumtazama akiwa na kofia, na yeye akauliza.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Madaktari wakubwa wa hospitali walikuwa wakipita kwenye korido na wageni wenye suti. Mlango wa wodi ukafunguka kwa kishindo, mama akatoka mikono juu.

"Ametoa!" akapaza sauti. "Mwanangu ametoa upepo!" Akapiga vigelegele vilivyofika mpaka maabara. Na nyuma yake mkwe wake akavipokea, na wodi ikavipokea, na mgeni mmoja mwenye suti, bila kujua kilichotokea, akapiga makofi. Daktari wetu alikuwa katikati ya msafara. Mama akamwona, akamkumbatia na kumnyanyua kidogo kutoka sakafuni. Si kazi ngumu sana, kwa kimo chake.

"Mama Kitovu!" akasema. "Wewe ni Mama Kitovu, mwanangu! Umekata kitovu cha mwanangu kwa mara ya pili!"

Jina likashika palepale. Mkurugenzi aliyekuwa akiongoza wageni alilitumia kabla ya jua kuzama.

Kinyozi aliruhusiwa, akapona, akanenepa. Kichwa cha mhasibu alikimaliza mwenyewe kama alivyoahidi. Mhasibu alivaa kofia mpaka siku hiyo, hata vikaoni, hata mbele ya wakaguzi, akakataa kata kata kumpa mtu mwingine nusu iliyobaki. Mtoto alizaliwa hapahapa, wa kike, mwenye sauti ya baba yake. Bibi yake alimkagua kitovu mbele ya mkunga kama mtu anayekagua mshono, akaridhika. Siku hizi mama na mkwe wanashirikiana kile kibanda cha cherehani. Mmoja anashona, mwingine anakata nyuzi zilizobaki. Kelele bado zipo. Wanaofika kwa mara ya kwanza hudhani wanagombana.

Daktari hakuliacha jambo lile liishie kwenye vigelegele. Alilifanya somo. Kila kundi jipya la madaktari wa mafunzo limelisikia likisimuliwa, na kila kundi limeambiwa maneno yaleyale: tumbo lisilo na kovu likiziba, usijifariji kwamba halina sababu. Sababu ipo, wewe ndiye hujaiona. Na ukikuta uzi usioujua, ufunge kwanza, ukate baadaye. Miaka miwili iliyopita, daktari aliyekuwa mwanafunzi wake alimpigia simu kutoka hospitali nyingine. Alikuwa amempasua msichana wa shule mwenye shida ileile, akakuta mshipa uleule, akaufunga pande zote mbili kabla ya kukata. Msichana alikuwa amekwisha kunywa maji na kuomba chakula. Mama Kitovu alisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama msichana ametoa upepo, akakata simu. Kisha akaketi kwenye benchi la kubadilishia viatu, akalia kidogo, akanawa uso, akaendelea na orodha ya siku.

Si wote waliopona mikononi mwake. Angekuwa wa kwanza kunisahihisha kama ningeandika hivyo. Waliomponyoka aliwafuata ndugu zao kwenye korido mwenyewe, hakumtuma mtu, akakaa nao mpaka waliposimama wao kwanza. Hilo ndilo nililojifunza kwake kuliko mafundo yote.

Wiki iliyopita alifanya upasuaji wake wa mwisho. Tuseme ukweli, hakuufanya. Alisimama upande wangu, upande wa kusaidia, akamwachia kisu daktari atakayerithi nafasi yake, akashika taa na kunyamaza. Kwa mtu anayemjua, kule kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi kubwa zaidi ya siku. Mshono wa mwisho ulipofungwa akasema, "Vizuri sana," akavua glavu, akaziangalia, akazitupa kwenye ndoo. Babu Lala, aliyestaafu kabla yake na aliyekuja kwa mwaliko maalumu, akamuuliza akishastaafu atafanya nini Jumatatu ya kwanza.

Akafikiri. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kumaliza sahani ya chakula cha mchana ikiwa ya moto. Mume wake humwekea, anaketi, simu inalia. Jumatatu anataka kujua chakula chake mwenyewe kina ladha gani.

Daktari wetu, kwa niaba ya waliolazwa, waliolaza, waliosubiri kwenye benchi na waliorudi makwao wakitembea, tunakushukuru. Uwe na afya tele, miguu yenye nguvu na marafiki wasioumwa. Mlango wetu unaujua, ila usiuone haraka. Jumatatu saa za mchana, chakula kikiwekwa mezani, keti. Simu zote za hospitali nimeziagiza zije kwangu. Kula kikiwa cha moto, Mama Kitovu, taratibu, mpaka sahani ibaki nyeupe.